Mto Mahari na Herufi Niliyoifuta

Mashine ya kuchapa mabango ilipoletwa karakana yetu hapa Eldoret, niliizunguka mara tatu kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni, kisha nikaenda ofisini kuomba fomu ya kustaafu mapema. Sikuwa na hasira. Nina miaka arobaini na minane, miguu yangu bado inataka kutembea kila siku, na mashine ile haitoki nje. Lakini siku ya chai ya kuniaga, nyinyi vijana mnaobaki nayo mliniuliza, "Fundi, kwani kazi yako ilikuwa kuandika majina ya mito tu?" Nilicheka, nikamaliza mandazi, nikaenda nyumbani. Swali likanifuata mpaka mlangoni. Ndiyo maana ninaandika. Ya vyeo sitayagusa. Nilipandishwa mara moja, na faida yake ilikuwa kubebeshwa funguo za stoo.

Niliingia kazini mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne. Wazazi wangu walikuja huku kutoka Murang'a, baba akalima kidogo na kuuza dukani zaidi, na mimi nikazaliwa na kukulia hapa hapa. Nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na kitu kingine. Aliyenipokea ni Mzee Njoroge, fundi mkuu wa mabango, mtu mfupi aliyevaa koti refu la kazi lililokuwa na rangi zote isipokuwa ile lililonunuliwa nayo. Aliniangalia mikono, pande zote mbili, akasema, "Haitetemeki. Utaosha blashi."

Niliosha brashi kwa mwezi mzima. Tapentaini kwanza, halafu sabuni ya kipande, halafu unaichonga ncha kwa midomo, ndiyo, kwa midomo, kisha unailaza. Brashi ya herufi ikisimamishwa kwa nywele zake usiku mmoja, imekufa. Baadaye nikapewa kamba ya chaki ya kupigia mistari, na fimbo yenye kitambaa kichwani ya kuegemezea mkono usiguse rangi mbichi. Herufi nilifundishwa moja moja kwenye bati kuukuu. L, alisema Mzee, ni zawadi kwa fundi: mkwaruzo wa kushuka, mkwaruzo wa kwenda kando, umemaliza. R ni taabu. Ina mgongo, ina tumbo, ina mguu, na mguu ukikosea hata kidogo herufi nzima inaonekana imelewa.

"R ni P iliyochoka kusimama, ikatanguliza mguu," alikuwa akisema. "Ukiweza R, unaweza zote."

Hapo lazima niwaeleze jambo moja kuhusu ulimi wa Mzee Njoroge, na wangu pia, maana ni ulimi mmoja. Sisi tuliozaliwa na Kikuyu mdomoni, L na R hukaa nyumba moja na kubadilishana nguo. Mzee alichapwa sana shuleni kwa sababu ya hilo, akatoka na kanuni moja ya maisha: ukiwa na shaka, weka L. L inaonekana ya mtu aliyesoma. Dereva wetu Kibet, Mkalenjin wa Ainabkoi, naye alikuwa na yake. Kwake P na B zilikuwa mapacha.

"Mzee, umesahau prashi kwa lori," Kibet angesema.

"Prashi!" Mzee angenigeukia. "Huyu mtu atajua kuongea lini? Ni blashi!"

Mimi nilikaa katikati yao kwenye lori, nikiangalia barabara.

Sasa fikirini jina la mto lilivyosafiri. Linatoka mdomoni mwa mzee wa Kalenjin aliye shambani, linapita kwa Kibet, linapita kwangu, linafika kwenye brashi ya Mzee Njoroge. Ni ajabu kwamba Sosiani bado inaitwa Sosiani. Hilo, Kibet aliniambia siku ya kwanza, linatokana na sosiot, kile kijiti cha kusugulia kibuyu cha maziwa. Ainabkoi, kwao, ni mto wa mawe. Chepkoilel ni mawe meupe. Na Eldoret yenyewe, wazee husema ni Wamaasai walioacha neno hilo, nalo pia ni mto wenye mawe. "Watu wa huku," Kibet alisema, "wakiona maji kwanza wanaangalia kama kuna mawe ya kuvukia. Wakikosa mawe ndiyo wanaita jina lingine."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila daraja dogo kwenye barabara zetu lilitakiwa kuwa na bango lenye jina la mto. Ofisi ilitupa orodha, lakini nusu ya orodha ilikuwa na mstari mtupu. Basi tunaenda, tunauliza. Mzee Njoroge alikuwa na utaratibu: uliza watu watatu, wasiwe wa boma moja, mmoja atoke ng'ambo ya pili, na mmoja awe ameota mvi. Usimwulize mtu aliye juu ya pikipiki. Usimwulize mwalimu kabla ya mchungaji wa ng'ombe, kwa sababu mwalimu hatakubali kusema hajui.

Na bado tulipata kesi ngumu. Kuna kijito kimoja mbele ya Cheptiret ambacho ukingo wa huku walikiita jina moja na ukingo wa kule jingine, na kila upande ulikuwa tayari kufa na lake. Tulikaa hapo tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana kikapita. Mwishowe Kibet akasema, "Andika yote mawili, moja kila upande, twende." Ndivyo tulivyofanya. Mpaka leo ukitoka Eldoret unavuka mto mmoja, ukirudi unavuka mwingine. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kesi iliyonisumbua kuliko zote nilijitakia mwenyewe.

Mwezi wangu wa nne, Mzee aliamka na mgongo unaouma, akanituma peke yangu na Kibet kwenye barabara ya udongo upande wa Kesses. Kulikuwa na daraja la mbao na kijito kisichofika magotini. Orodha ilikuwa na mstari mtupu. Kwenye ukingo alikuwepo mama mmoja akikata majani ya nepia ya ng'ombe, labda wa miaka hamsini na mitano wakati huo, kitambaa kichwani, panga mkononi. Kibet akamwamkia kwa Kikalenjin, kisha akabaki kwenye lori kula mahindi.

"Mama, huu mto unaitwaje?"

"Mahari," akasema, akiendelea kukata.

"Mahari ya ndoa?"

Hapo akasimamisha panga. "Kuna nyingine? Mahari yangu. Keti."

Nikakaa kwenye nyasi. Jina lake lilikuwa Jerotich, ambalo, alinieleza, hupewa msichana aliyezaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani jioni. "Hata jina langu lina ng'ombe ndani," akasema. Zamani eneo lote hili lilikuwa shamba la mzungu mmoja, na wafanyakazi walikuwa Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, wote pamoja, wakielewana kwa Kiswahili. Nyumba ya baba yake ilikuwa ng'ambo ya kule ya kijito, ya kijana aliyemposa ilikuwa ng'ambo ya huku. Siku ya kuleta ng'ombe wa mahari ilinyesha tangu alfajiri. Kijito hiki kisichofika magoti kikawa mto wenye kelele. Ng'ombe wakafika ukingoni, wakaangalia maji, wakakataa.

"Walikataa kabisa," akasema. "Watu wa kwao wakawasukuma, wakaimba, wakapiga mluzi. Wapi! Baba yangu kule amevaa blanketi mpya, anangoja. Baba ya kijana huku anapiga salamu kwa sauti kubwa mpaka akapotelewa na sauti. Siku mbili, kijana wangu! Siku mbili mahari iko upande moja na bibi harusi upande ingine."

"Mlikula nini?"

"Mama yangu alichoma viazi akaanza kuwarushia. Kimoja kikampiga yule kijana hapa." Akajigusa paji la uso kwa mpini wa panga. "Hiyo ndio ilikuwa zawadi ya kwanza mama yangu alimpatia."

Siku ya tatu maji yakapungua kidogo. Ng'ombe mmoja mweupe, mwenye pembe iliyopinda, akatanguliza mguu mmoja majini. Akasimama hivyo, mguu mmoja ndani, kwa muda ambao Jerotich alisema ulikuwa mrefu kuliko siku zote mbili. Kisha akavuka, na wengine wote nyuma yake. Wafanyakazi wa shamba waliokuja kutazama ndio waliokiita kijito Mto wa Mahari, kwa Kiswahili, kwa sababu lilikuwa jambo la wote. Mume wake alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya siku tuliyokutana.

Nikaandika kwenye daftari, kwa penseli, kwa herufi kubwa kama nilivyofundishwa: MTO MAHARI. Niliuliza watu wengine wawili, kama utaratibu ulivyotaka. Wote wakasema lile lile, na mmoja akaanza kunisimulia kiazi.

Nilirudi karakana nikiwa na kiburi cha mtu aliyefanya kazi peke yake. Mzee Njoroge alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Ni L ama ni R?"

"Ni R, Mzee."

"Sema tena jina."

Nikasema. Na hapo ulimi wangu ukaniuza, kwa sababu nilipolisema kwa haraka mbele yake, hata mimi sikusikia ni ipi niliyotoa.

"Unaona?" akasema. "Mto hauwezi kuitwa mahari. Mahari ni ya wasichana. Mto ni mahali. Mahali pa kuvuka, mahali pa maji. Hiyo ina maana. Weka L."

Ningeweza kumsimulia ng'ombe mweupe. Ningeweza kumwita Kibet, aliyekuwa nje akifuta kioo cha lori. Lakini nilikuwa na miezi minne kazini na yeye alikuwa na miaka mingi, na kusema kweli nilichoka na nilitaka chai. Nikachukua raba, nikaifuta ile R kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika L juu yake. Kesho yake Mzee akapaka bango, zuri sana, herufi nyeupe juu ya buluu: MTO MAHALI. Tukalisimika kwa saruji na kokoto, nikalipima kwa pima maji, likasimama wima kama askari.

Mama Jerotich hakujua kusoma, kwa hiyo ilichukua karibu mwaka kabla ya mmoja wa wajukuu wake kumsomea. Alikuja karakana siku ya Jumatatu. Alikuwa ametembea mpaka lami, akapata lori la maziwa la kumfikisha mjini, na alikuwa na mwavuli uliokunjwa ambao aliushika kama rungu.

"Nani hapa aliandika mto yangu?"

Mzee Njoroge aliniangalia. Mimi nikaangalia ndoo ya tapentaini.

"Ni mimi, Mama," nikasema.

"Wewe! Si ulikaa kwa nyasi nikakuelezea? Si ulicheka mambo ya kiazi?"

"Nilicheka, Mama."

"Sasa kwa nini umenitoa kwa mto? Jana nilikuwa nawasimulia watoto. Mmoja ananiambia, Kogo, hiyo ni hadithi tu, bango inasema Mahali." Kogo ni bibi, kwa Kikalenjin. "Watoto wa watoto wangu wananiita mwongo kwa sababu ya chuma yenu. Yule mzee wangu ameenda, wale ng'ombe wameenda, na sasa hata mto inasema sikuolewa!"

Nilimwahidi kwamba nitarekebisha. Niliahidi kwa haraka, kama mtu anayetaka mwavuli uondoke. Kisha nikaenda ofisini nikagundua utaratibu: bango lililo zima halibadilishwi. Hubadilishwa likiibwa, likigongwa, au likiharibika. Mengineyo yanahitaji barua ya chifu, kumbukumbu za mkutano na sahihi ya injinia, na injinia wa wakati ule hakusaini kitu chochote kabla ya kuuliza kama kinaweza kungoja.

Mkumbuke kwamba siku hizo mabango yalikuwa yakiibwa kila wiki. Bati yetu ilikuwa nzuri kwa kutengeneza jiko, kwa mlango wa banda la kuku, kwa kila kitu. Nimewahi kula mahindi yaliyochomwa juu ya "Punguza Mwendo". Basi tukangoja. Tukangoja bango la Mto Mahali liibwe. Miaka ikapita. Yaliibwa ya kulia kwake, yakaibwa ya kushoto, likagongwa la mbele na trekta. Lile halikuguswa hata na mtoto mwenye manati. Sijawahi kusimika bango imara kama lile, na sijawahi kujuta ufundi wangu kiasi hicho.

Kila nilipopita Kesses nilisimama kwa Kogo, maana sasa hata mimi nilimwita Kogo kama wote. Angenipa mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, kwenye kikombe cha bati na kuuliza, "Bado inasimama?"

"Bado, Kogo."

"Niko na fahali mkali. Nimtume?"

"Fahali atatambulika, Kogo."

"Basi wewe ni mtu wa bure," angesema, na kuniongeza mursik.

Huku jina likiota mizizi. Kituo cha magari pale darajani kikaitwa Mahali. Kijana mmoja akafungua kibanda cha chakula, akakiita Mahali Pazuri Hoteli. Abiria wakasema, "Nishushe Mahali," na makondakta wapya wakauliza, "Mahali gani?" na abiria wakakasirika. Siku moja nilimkuta mwanafunzi wa chuo akipiga picha bango. Akanieleza kwa heshima kubwa kwamba jina linatokana na mahali pa kale ambapo koo zilikutana kufanya amani. Nilimwuliza nani alimwambia. Akasema ni dhahiri kutokana na neno lenyewe. Nilipanda baiskeli yangu nikaondoka. Nilikuwa nimekitungia kijito hicho historia bila kujua, kwa raba ya bei ya peremende.

Mzee Njoroge alistaafu kabla yangu. Siku yake ya mwisho alinipa fimbo ya kuegemezea mkono, ile yenye kitambaa, akanivuta kando nyuma ya lori.

"Ule mto wa yule mama," akasema. "Ilikuwa R, sivyo?"

"Ilikuwa R, Mzee."

"Nilijua siku alipoingia na mwavuli. Mtu hatembei hivyo kwa ajili ya L." Akaigonga fimbo mkononi mwangu. "Ungeniambia."

"Ungenisikia?"

Akafikiria. "Hapana," akasema, na wote tukacheka mpaka Kibet akauliza kuna nini.

Mzee ameshafariki. Fimbo ninayo.

Mwaka huu, kama mjuavyo, barabara ya upande ule inawekwa lami, daraja la mbao limeondolewa na la zege limejengwa. Mabango yote ya zamani yang'olewe, mapya yachapwe na mashine kutoka kwa orodha. Nikaangalia orodha: Mto Mahali. Nilikuwa nimebakiza wiki tano kazini. Nikaona kwamba mashine ikishachapa jina hilo kwenye bati ya kung'aa, litakaa hapo mpaka mimi na Kogo tuwe tumesahaulika, na Kogo sasa ana miaka kama themanini na mitano na jicho moja lina ukungu.

Injinia wa sasa mnamjua, Injinia Achieng'. Hasemi maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho akafungua kompyuta.

"Ramani inasema Mahali. Orodha inasema Mahali."

"Orodha ilitoka wapi, Injinia?"

Akatafuta. Akatabasamu kidogo. "Kwa bango lako."

"Na ramani?"

"Kwa orodha." Akafunga kompyuta. "Nipe kitu kilichoandikwa kabla ya bango. Halafu watu wa pale wakubali kwa mkutano. Nikipata hivyo viwili, nasaini. Nikikosa kimoja, mashine inachapa Ijumaa ijayo."

Mke wangu Wambui amekuwa akiniomba nichome madaftari yangu tangu tulipooana. Yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na anasema panya wa mtaa wote wanayajua. Siku hiyo nilitoa moja moja mpaka sebule ikajaa. Daftari la kwanza lilikuwa chini kabisa. Ukurasa ulikuwa na doa la chai, na katikati: MTO MAHALI. L yangu safi kabisa. Nikakata tamaa.

Wambui akalichukua, akalipeleka dirishani, akaliinamisha kwenye mwanga. "Hapa karatasi imeumia," akasema.

Kumbe wakati ule nilikuwa nikikandamiza penseli kama mtu anayechimba. Raba ilitoa rangi lakini mfereji ulibaki. Chini ya L kulikuwa na tumbo, na kulikuwa na mguu.

Mkutano ulifanyika kando ya daraja jipya, chifu akiwa kwenye kiti, sisi wengine kwenye mawe. Kogo aliletwa kwa boda boda, amekaa upande, mwavuli uko. Nikasimama nikasema yote. Kwamba niliambiwa Mahari, kwamba niliandika Mahari, kwamba nilifuta kwa mkono wangu kwa sababu ya uoga na chai. Watu walicheka kwenye chai. Kisha yule kijana wa hoteli akainua mkono.

"Fundi, mimi nakuheshimu. Lakini kibanda changu kinaitwa Mahali Pazuri. Sasa niandike Mahari Pazuri? Watu wataingia wakidhani naoza mabinti!"

Kicheko kikavuka mpaka ng'ambo. Chifu mwenyewe alifuta macho. Na nikaona kwamba mambo yanaweza kuishia hapo, kwa furaha, na Kogo akapandishwa boda boda kurudi nyumbani.

Kogo hakucheka. Alisema, bila kuinuka, "Kibanda ni yako, kiite hata mbinguni. Stage iite Mahali. Mimi sitaki stage. Nataka mto tu."

Injinia Achieng' akaomba daftari. Akaliinamisha kwenye jua, akampa chifu, chifu akampa yule kijana wa hoteli. Kijana aliligeuza huku na huku, akalileta karibu na pua.

"Aki ya nani," akasema. "Kuna R imezikwa hapa."

Daftari likapita mkono kwa mkono, kila mtu akipitisha kidole juu ya karatasi kutafuta ule mfereji. Mzee mmoja wa ng'ambo ya pili akasema kwamba hata yeye alisikia habari za kiazi alipokuwa mdogo, ila alidhani ni za mto mwingine. Chifu akauliza nani anapinga. Hakuna aliyeinua mkono. Injinia akasaini juu ya goti lake.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. "Mashine ina foleni. Hili moja unaweza kulipaka mwenyewe?"

Ndilo bango ambalo mlishangaa kuniona nikilifanyia kazi wiki yangu ya mwisho, na fimbo ya Mzee Njoroge chini ya mkono. Nilipiga mistari ya chaki, nikachonga brashi kwa midomo. M, T, O zilienda. M, A, H, A. Kwenye R nilisimama nikanywa chai kwanza, safari hii kwa sababu nzuri. Mgongo, tumbo, mguu. Haukulewa.

Tulilisimika siku ya Alhamisi, mimi na Kibet, ambaye naye anastaafu mwakani na bado ananiletea prashi. Kogo alikuwepo tangu asubuhi. Alikuja na kitukuu chake Chelimo wa darasa la nne. Chelimo akasimama mbele ya bango akasoma kwa sauti ya shuleni, "Mto Ma-ha-ri." Akasoma tena, polepole. Akageuka.

"Kogo. Kwani wale ng'ombe walikataa kweli?"

"Sasa ndio unauliza?" Kogo akasema. "Keti."

Chelimo akakaa kwenye nyasi, karibu kabisa na pale nilipokaa mimi nikiwa kijana. Kogo akaanza tangu mvua ya alfajiri. Blanketi jipya lilikuwepo. Siku mbili sasa zilikuwa tatu, na kile kiazi kilikuwa kimekuwa gunzi la mahindi, lakini kilimpiga yule kijana pale pale. Mimi sikumsahihisha. Nimesahihisha ya kutosha.

Alipofika kwa ng'ombe mweupe alinigeukia. "Hebu nionyeshe hiyo herufi yenyewe. Hiyo uliiba."

Nikampeleka. Rangi ilikuwa imekauka, nikachukua kidole chake nikakiweka kwenye ile R. Akakipitisha juu ya mgongo, akazunguka tumbo, akateremka mpaka chini ambako mguu unatoka kwenda mbele. Akarudia mguu peke yake, mara mbili.

"Ndiyo huyu," akamwambia Chelimo. "Ona. Ametanguliza mguu."